Jinsi pikapu ya mizigo inavyogeuka silaha ya vita

PIKAPU inayobeba miraa kutoka Maua au mbuzi kutoka Garissa haina tofauti kubwa na ile iliyowabeba wapiganaji wa Chad walipolitimua jeshi la Libya mwaka wa 1987. Injini ni ile ile, magurudumu ni yale yale. Kilichozidi ni bunduki iliyofungwa nyuma, pale ambapo mfanyabiashara angepanga magunia.

Ugeuzaji wenyewe hauhitaji kiwanda. Kazi hufanywa na mafundi wa kawaida wa kuchomelea vyuma, na silaha inayopachikwa mara nyingi huwa imetekwa kutoka kwa jeshi la serikali: rashasha kubwa, mzinga wa kutungulia ndege, pengine hata mitungi ya roketi iliyong'olewa kwenye helikopta, kama ilivyoshuhudiwa nchini Libya mwaka wa 2011. Paa na kioo cha mbele aghalabu huondolewa. Gari hubaki wazi, na mpigaji bunduki husimama bila kinga yoyote dhidi ya risasi.

Kwa nini basi chombo dhaifu namna hiyo kilishinda vifaru? Jibu lapatikana kaskazini mwa Chad.

Kufikia mwisho wa mwaka wa 1986, majeshi ya Kanali Muammar Gaddafi yalikuwa yamekita kambi katika sehemu hiyo ya jangwa, yakiwa na vifaru, ndege za kivita na maelfu ya askari. Serikali ya Rais Hissène Habré haikuwa na vifaa vya kulingana nayo. Ilichokuwa nacho ni pikapu za Toyota, makombora ya MILAN ya kupigia vifaru yaliyotoka Ufaransa, na wapiganaji waliolifahamu jangwa kama mkulima anavyolifahamu shamba lake.

Mnamo Januari 2, 1987, kikosi kilichoongozwa na Hassan Djamous kilishambulia kambi ya Fada. Madereva waliyapeleka magari kwa kasi kutoka pande kadhaa kwa pamoja. Kifaru cha T-55 chenye uzito wa tani 36 hakingeweza kuugeuza mzinga wake upesi kiasi cha kuyafuata. Kwa hesabu inayonukuliwa sana, Walibya 784 waliuawa na vifaru 92 vikateketezwa. Chad ilipoteza askari 18 na magari matatu.

Machi 22 mwaka huo ilikuwa zamu ya Ouadi Doum, kambi kubwa ya ndege iliyozingirwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Ilianguka vilevile. Miongoni mwa waliotekwa ni Khalifa Haftar, afisa ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mbabe wa kivita mashariki mwa Libya. Septemba, Wachad walivuka mpaka na kuiharibu kambi ya Maaten al-Sarra ndani ya Libya kwenyewe, na siku chache baadaye silaha zikanyamazishwa. Mapigano hayo yakabatizwa Vita vya Toyota.

Ushindi huo, hata hivyo, umekuwa ukielezwa kwa chumvi nyingi. Gari halikushinda peke yake. Ndege za Ufaransa zilikuwa zikililinda eneo la kusini, na Walibya wenyewe walikuwa wamejifungia kambini badala ya kutoka kupiga doria. Mahali ambapo adui ana ndege na anazitumia ipasavyo, pikapu huwa jeneza.

Wala Wachad hawakuwa wa kwanza. Waingereza walitumia malori ya Chevrolet yenye bunduki katika majangwa ya Misri na Libya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, nao wapiganaji wa Polisario walitumia Land Rover dhidi ya Morocco na Mauritania miaka ya sabini.

Jina ambalo magari haya hujulikana kwalo duniani lilitoka kwa majirani zetu Wasomali. Baada ya Siad Barre kutimuliwa Mogadishu Januari 1991, mashirika ya misaada hayakuweza kufika kwa wenye njaa bila walinzi wenye bunduki, ilhali hayakuruhusiwa kuajiri jeshi. Inasimuliwa kwamba malipo ya walinzi hao yaliandikwa vitabuni kama gharama za usaidizi wa kiufundi. Magari yao yakaitwa "ya kiufundi", nalo jina likaganda. Fedha zilizokusudiwa kununua chakula zikawa zinalisha bunduki.

Umoja wa Mataifa uliiwekea Somalia marufuku ya silaha Januari 1992. Marufuku ya namna hiyo hugusa bunduki, risasi na magari ya kijeshi. Pikapu mpya hushushwa bandarini kama gari la raia, kwa stakabadhi halali, na hugeuka silaha siku itakapofika kwa fundi.

Wanaoumia zaidi ni raia. Chini ya sheria za vita, gari la kiraia hupoteza kinga yake mara linapotumiwa kupigana. Lakini rubani aliye juu hutofautishaje Land Cruiser ya wapiganaji na ile inayokimbiza mjamzito hospitalini? Na kwa kuwa ni gari lile lile, wenye silaha huliwinda popote lilipo. Huko Darfur, magari ya mashirika ya misaada yaliporwa mara kwa mara miaka ya 2000, na vita vya Sudan vilipolipuka Aprili 15, 2023, baina ya jeshi na kikosi cha RSF ambacho kimetegemea sana pikapu, uporaji huo ulirudi kwa kishindo.

Mwaka wa 2015, maafisa wa Marekani waliitaka kampuni ya Toyota ieleze jinsi kundi la Islamic State lilivyoyapata magari yake mengi. Kampuni ilijibu kwamba sera yake inakataza kuwauzia watu wanaoweza kuyatumia kwa ugaidi. Mwaka wa 2021, wanunuzi wa Land Cruiser 300 nchini Japani walitakiwa kuahidi kutoliuza gari hilo kabla ya mwaka kwisha. Hilo ni gari la kifahari la matajiri. Wapiganaji wa jangwani hupendelea Land Cruiser ya aina ya 70, iliyoanza kuundwa 1984, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na polisi na hospitali nyingi humu nchini.