Utangulizi: Wazazi Wenye Ulemavu wa Akili

Vivian Buck alikuwa bado mtoto mchanga, huko Virginia, Marekani, pale ofisa wa ustawi wa jamii alipomtazama akasema hayuko sawa. Kauli hiyo ilitumika mahakamani dhidi ya mama yake, Carrie, aliyedaiwa kuwa na akili pungufu, na mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaruhusu Carrie afungwe kizazi. Vivian alikwenda shule, akaingia katika orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki mwaka 1932, akiwa na miaka 8.

Karibu katika taaluma inayohusu wazazi wenye ulemavu wa akili, inayopinga kosa la kumpima mzazi peke yake, kana kwamba kuna mtoto anayelelewa na mtu mmoja.

Tim na Wendy Booth wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliwaendea wazazi wenyewe, kisha watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima, wakawasikiliza. Wengi walikulia katika dhiki, lakini mapenzi yao kwa wazazi hayakukatika. Akina Booth wakaeleza kwamba uwezo wa kulea haukai kichwani mwa mtu mmoja, bali umetawanyika kwa ndugu, jirani na rafiki. Hilo msomaji wa Kiswahili halimshangazi. Kwetu swali gumu ni hili: bibi akimchukua mjukuu, je, mama bado anaulizwa kuhusu mwanawe, au amewekwa kando kwa upole?

Nchini Kanada, Maurice Feldman alionyesha kwamba akina mama wenye ulemavu wa akili hujifunza kumwogesha, kumlisha na kumlinda mtoto wakifundishwa nyumbani kwao, hatua moja moja, kwa picha na kwa kuonyeshwa. Maelezo marefu ya mdomo mara nyingi huwapita.

Sheria nayo imesogea. Ibara ya 23 ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, inakataza kumtenga mtoto na mzazi kwa sababu ya ulemavu, na inaidai serikali imsaidie mzazi huyo kulea. Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahaulika, nami naiona ndiyo yenye uzito.

Mtafiti mgeni katika taaluma hii anaweza kuanza na kadi ya kliniki. Tarehe ya kurudi huandikwa kwa tarakimu. Mama asiyezielewa huja siku isiyo yake, akagombezwa, na safari inayofuata haji kabisa. Mtafiti aketi naye kwenye benchi, aone ni nani angeweza kumkumbusha siku hiyo, na kwa njia gani.