Dawa ya dizeli: inaokoa pampu au tunaliwa pesa?

Mjomba wangu ana Hiace ya abiria. Miezi kadhaa alikuwa anajaza dizeli ya bei poa kwenye sheli moja ya pembeni, juzi gari ikagoma kuwaka. Fundi kufungua pampu, ndani kakuta unga wa chuma unang'aa. Pampu kwishnei, mkopo wa gari bado anaulipa, dereva na konda wako kijiweni. Basi kila mtu akawa mtaalamu: "Si ungetia dawa ya dizeli!" Mwingine: "Changanya na oili chafu, pampu haifi hata siku moja." Nikaona nichimbe.

Wengi hatujui kwamba pampu ya gari kama hii haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ileile inayopita ndani. Zile Hilux za zamani za injini 2L na 3L pampu yake ni hivyohivyo, na hizi za kisasa za komoni reli ndiyo kabisa: msukumo unazidi baa 1,000, wakati tairi la gari dogo ni baa 2 na ushee. Chuma kinasugua chuma, katikati kuna utando mwembamba wa dizeli tu. Utando ukikosekana, kinabaki kile kiunga cha mjomba.

Kesi hii ilianzia Sweden. Mwaka 1991 walianza kuuza dizeli yenye salfa kidogo sana ili kupunguza moshi, pampu zikaanza kufa mapema. Watu wakadhani salfa ndiyo inayolainisha. Siyo. Mtambo unaoondoa salfa unaondoa pia chembe fulani zenye oksijeni na naitrojeni, na hizo ndizo zinazong'ang'ania kwenye chuma na kukikinga. Dawa yake ikapatikana: wenye mafuta wanarudisha viongezeo vilivyotengenezwa kwa asidi za mafuta ya mimea, kiasi kidogo mno, kama robo lita au pungufu kwa lita 1,000.

Wanapimaje? Kigololi cha chuma cha milimita 6 kinasuguliwa juu ya kisahani kilichozama kwenye dizeli ya nyuzi 60 kwa dakika 75, halafu wanapima kovu kwa darubini. Ulaya kovu lisizidi maikromita 460, karibu nusu milimita. Marekani wanaruhusu 520.

Huku kwetu Afrika Mashariki tulihamia dizeli ya salfa sehemu 50 kwa milioni Januari 2015. Mafuta yanayokidhi kiwango yanapaswa kufika sheli yakiwa yanalainisha vya kutosha. Sasa tatizo liko wapi? Kuchakachua, wadau. Mafuta ya taa ni mepesi na yanalainisha vibaya kuliko dizeli, ukichanganya unaukata ule utando. Ndiyo maana Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua iishe. Mchezo ulipungua, lakini tamaa haina bajeti.

Haya, kopo la dawa. Linasaidia kweli kama dizeli yako inalainisha kidogo kuliko inavyotakiwa, ila soma lebo. Utafute neno "lubricity". Makopo mengi ni ya kusafisha nozeli au kuongeza sitani, siyo ya kulainisha. Fuata kipimo chake. Ukizidisha unaweza kuziba filta. Na kama mafuta yamejaa maji, hakuna kopo la kulainisha litakalokuokoa, hapo ni kumwaga maji ya filta na kusafisha tangi.

Oili chafu mimi nasema hapana kabisa. Ina masizi na vumbi la chuma lililotoka kwenye injini nyingine, halafu wewe unalipeleka kwenye pampu ambayo nafasi zake ni ndogo kuliko unywele. Fundi aliyemshauri mjomba hivyo hatalipia yeye pampu mpya.

Mjomba sasa anajaza sheli moja tu, anadai risiti kila mara, na anaweka sampuli kwenye chupa nyeupe hadi ajaze tena. Pampu ya mtumba tunaitafuta. Mwenye fununu ya bei nzuri aangushe hapo chini.