Marafiki au Ndugu? Kweli na uongo kuhusu barua za kale za Ziwa Mweru

Asubuhi ufukweni Nchelenge, mkoani Luapula, Zambia, dagaa wa chisense wameanikwa mchangani, boti za Kilwa ya Kongo zinapakia, Kibemba na Kiswahili cha Katanga vinagombea bei. Mengi tunayoyajua kuhusu fukwe hizi za zamani yamo katika barua za wageni, na barua hizo zimezushiwa mambo.

"Barua za wamisionari wa Mweru ni za Waquaker."
Si kweli. Kosa limezaliwa na majina: Waquaker, dhehebu la Kikristo, hujiita Marafiki, na wamisionari waliojenga misheni ya Luanza, upande wa Kongo, walijiita Ndugu. Aliyevuma zaidi kati yao ni Dan Crawford, Mskoti aliyefia huko 1926. Wenyeji walimwita Konga Vantu, mkusanya watu. Nyaraka za Ndugu utazikuta Manchester, Maktaba ya John Rylands. Misheni ya Mbereshi, alikofundisha Mabel Shaw tangu 1915, ilikuwa ya London Missionary Society, ambayo makabrasha yake yako chuo cha SOAS, London. Ukibisha hodi kwa Waquaker kuulizia Mweru, utarudi mikono mitupu.

"Basi Waquaker hawakufika kwetu."
Si kweli. Walifika Pemba 1897, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa kisheria visiwani, wakafungua shamba Banani kwa ajili ya walioachiwa huru. Kaimosi, magharibi mwa Kenya, walifika 1902.

"Tarehe ya barua ya Waquaker haihitaji mkalimani."
Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, na sisi Waswahili kuliko wote. Waquaker wa zamani walikwepa majina ya miezi na siku kwa kuwa mengine ni ya miungu ya kale. Januari ni ya Janus wa Warumi. Wakahesabu tu: mwezi wa kwanza, siku ya pili. Msomaji wetu anafurahi, kwani naye husema "mwezi wa tatu" akikusudia Machi. Asiharakishe! Kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza Machi, kwa hiyo "mwezi wa 3" katika barua ya 1700 ni Mei. Siku nazo ni mtego mwingine. Siku yao ya kwanza ni Jumapili, ambayo kwetu jina lake lenyewe linasema ni ya pili. "Siku ya 2" yao ni Jumatatu yetu. Mzee wa pwani aliyezoea mfungo mosi na mfungo pili angeelewa upesi kwamba namba peke yake haitoshi: lazima ujue mwenzako ameanzia wapi kuhesabu.

"Barua za kale za Mweru ni maandishi ya Wazungu tu."
Nusu kweli, wao ndio waliotunziwa makaratasi. Lakini barua za mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, aliyeliona Mweru Novemba 1867, zilitegemea misafara ya Waarabu na Waswahili ili zifike Unguja, na nyingi zilipotelea njiani. Alipofariki kijijini kwa Chitambo 1873, aliyechonga maandishi kwenye mti wa mpundu alikuwa Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Ndiye pia aliyeandika shajara ya safari ya kuurudisha mwili pwani, kwa mkono wake, kwa Kiingereza. Kipande cha mti ule kilipelekwa London. Sijui kwa nini mashuleni tunatajiwa watumishi wake Susi na Chuma, halafu mwenye kalamu tunamruka.

"Barua ya babu ukiilamineti, imepona."
Si kweli, na hili linaniuma kuliko yote. Ile mashine ya stesheneri inayeyusha gundi ndani ya karatasi kwa joto, na plastiki ikishashika hutaibandua bila kuirarua barua. Gundi ya utepe nayo hugeuka kahawia. Ikunjue barua, iweke katika bahasha safi ya karatasi, ndani ya boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni, maana mchwa wa Luapula hawabagui. Nyuma ya barua, kwa penseli na si kwa kalamu ya wino, andika nani alimwandikia nani, na kama ni bibi aliyekuambia, andika jina la bibi.