Usimtishe Mtoto kwa Sindano

“Nyamaza, la sivyo nitamwita daktari akudunge sindano!”

Ni mzazi gani mjini hajapata kuyatamka maneno haya, au angaa kumsikia jirani akiyatamka? Mtoto hunyamaza, naam, lakini siku ya kwenda kliniki ikifika huanza kulia angali langoni, kabla hata ya kuliona koti jeupe.

Si wazazi pekee waliopuuza uchungu wa watoto. Hadi miaka ya 1980, madaktari wengi katika nchi zilizoendelea waliamini kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu kama mtu mzima kwa kuwa ubongo wake haujakomaa. Baadhi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli ili wasifurukute, na dawa kidogo mno ya kuzuia uchungu. Mnamo 1987 Daktari Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba watoto waliopewa dawa ya kutosha walistahimili upasuaji vizuri kuliko wale ambao hawakupewa. Tangu hapo imani hiyo ikaanza kuporomoka.

Kwa familia nyingi, hata hivyo, upasuaji si jambo la kila siku. Adha ni sindano. Humu nchini mtoto huchanjwa punde tu anapozaliwa, kisha anapotimu wiki 6, 10 na 14, na huenda akadungwa zaidi ya mara moja kwa siku hiyo hiyo. Mnamo 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kupunguza uchungu wa chanjo, na la kufurahisha ni kwamba mengi yaliyomo hayahitaji hata senti moja.

Mama anayenyonyesha amweke mtoto kwenye ziwa wakati wa kudungwa au muda mfupi kabla. Watoto wa chini ya miaka 3 wapakatwe na mzazi. Wengi wetu tumeona mtoto akilazwa chali mezani na kubanwa mikono na miguu kama mwizi aliyenaswa sokoni! Kumbana hivyo huzidisha hofu tu. Naye muuguzi hana haja ya kuvuta bomba nyuma kutazama kama damu itaingia, kwani kufanya hivyo hurefusha maumivu bure. Ikiwa chanjo ni kadhaa, ile ichomayo zaidi ije mwisho.

Kuna mazoea ambayo mwongozo huo hauyaungi mkono. Kina mama wengi humpa mtoto parasetamoli kabla ya kutoka nyumbani wakidhani itazuia uchungu wa sindano. Haishauriwi. Kusugua au kufinya mahali pa kudungwa vilevile.

Mtoto aliyeanza kuelewa mambo ni wa kuambiwa ukweli. Ukimwambia “haitauma hata kidogo”, atakuamini mara moja tu. Mwambie itauma kama kuumwa na siafu, kisha itakwisha. Mwache apulize povu la sabuni, au ahesabu matatu zinazopita nje ya dirisha. Kwa watoto wadogo mbinu hii ya kuhamisha mawazo si mchezo tu, nayo pia imo katika mwongozo wa WHO.

Najua foleni huwa ndefu na nesi ni mmoja. Lakini kumwomba kwa heshima, “Sista, naomba nimpakate mwenyewe,” hakumcheleweshi mtu.

Iko pia malhamu ya ganzi yenye dawa za lidokeini na prilokeini, ambayo huifisha ngozi kabla ya mtoto kutolewa damu au kutiwa sindano ya maji. Malhamu hiyo hupakwa yapata saa nzima kabla. Basi muulize daktari kuihusu siku anapoagiza vipimo, kwa sababu ukingoja hadi sindano iwe mkononi mwa nesi utakuwa umechelewa.