Ziwa Lenye Wadai Wawili, Maiti Wasio na Mwenyewe

Vifo vya wahamiaji majini vimezoeleka kutajwa pamoja na Bahari ya Mediterania, kana kwamba ni msiba wa Ulaya na majirani zake peke yao, ilhali Ziwa Nyasa nalo limo katika mojawapo ya njia kubwa za uhamaji barani Afrika. Njia hiyo, ambayo wataalamu huiita njia ya kusini, huwatoa vijana wa Ethiopia, hasa wa maeneo ya Hadiya na Kambata, pamoja na Wasomali, ikawapitisha Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji hadi Afrika Kusini, na mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) lilikadiria kwamba wanaume kati ya 17,000 na 20,000 walikuwa wakiipita kila mwaka. Kwa watu wa Ipinda, kata ya mpunga na kakao iliyo kwenye barabara itokayo Kyela mjini kwenda Matema, safari hiyo si habari ya mbali, kwa kuwa katika njia hiyo Kyela ndiyo wilaya ya mwisho ya Tanzania kabla ya kuingia Malawi.

Mpaka wa nchi kavu ni Mto Songwe, na kivuko chake halali ni Kasumulu. Asiye na hati ya kusafiria hakaribii Kasumulu. Hupitishwa njia za panya, ama kwa kuvuka mto ama kwa kupakiwa ziwani. Anayempitisha kwa malipo huitwa kisheria msafirishaji haramu wa wahamiaji, naye hutofautishwa na mfanyabiashara wa binadamu, ambaye humchukua mtu kwa hila au kwa nguvu ili amtumikishe, ingawa njiani tofauti hiyo huweza kufutika pale ndugu walioko nyumbani wanapodaiwa fedha zaidi ili msafiri aachiwe aendelee.

Boti za mbao za ziwa hili zimeundwa kwa ajili ya nyavu, usipa na magunia ya mchele. Usalama wa boti kama hizo hutegemea ubavu unaobaki juu ya maji baada ya mzigo kupakiwa: watu wakizidi, ubavu huo hubaki wa kiganja kimoja au viwili, na watu haohao wakilazwa chini ya turubai wasionekane kutoka nchi kavu, hawalioni wimbi likija, hawawezi kuegemea upande wa pili ili boti isawazike, wala hawalifikii kopo la kuchotea maji yanayoingia. Kuanzia Mei hadi Agosti huvuma upepo wa kusini-mashariki, ambao wavuvi wa Malawi huuita mwera, na kwa kuwa ziwa lina urefu wa takriban kilomita 560, mawimbi yake hupata nafasi ndefu ya kukua kabla ya kufika ncha ya kaskazini.

Katika msimu huo, Juni 2012, Wahabeshi takriban 47 walikufa maji upande wa wilaya ya Karonga nchini Malawi, boti ilipozama nao wakiwa safarini kuelekea kusini. Kabla mwezi haujaisha, maiti nyingine zaidi ya 40 za wahamiaji ziliokotwa katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, za watu waliokosa hewa ndani ya lori lililokuwa likiwapeleka njia hiyohiyo.

Wiki chache baadaye Ziwa Nyasa liliingia kwenye vinywa vya viongozi wakuu wa Tanzania na Malawi, lakini kwa jambo lingine. Malawi ilikuwa imetoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, nayo Tanzania ikataka shughuli hiyo isimame. Malawi hutegemea mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ambao kwa tafsiri yake unaufanya mpaka ufuate ufukwe wa Tanzania. Tanzania husema mpaka upite katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya sheria ya kimataifa kwa maziwa yanayogawanywa na nchi. Bunge la Tanzania lilipewa maelezo rasmi, Rais Jakaya Kikwete na Rais Joyce Banda wakakutana, na baadaye usuluhishi ukakabidhiwa viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji. Juhudi hizo zilikuwa za haki, maana mpaka usioeleweka huweza kuzaa vita. Hata hivyo, anayedai maji hudai pia wajibu unaokaa ndani yake, na katika hoja za mwaka ule, waliozama Juni hawakuonekana kuwa sehemu ya mjadala.

Uwajibikaji unaozungumzwa hapa si wa jinai, kwa kuwa hakuna rais wala waziri aliyeipindua boti. Ni uwajibikaji wa kisiasa, yaani kiongozi kukubali kujibu kwa yale yanayotokea chini ya mamlaka yake, hata kama mkono wake haumo. Tanzania haihitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mateso na vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza, ingawa hakuwatesa yeye wala hakuagiza wateswe. Kutuhumiwa kwao hakukumfanya aone kwamba vifo vyao havimhusu. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, mwezi Septemba 2018 na kuua watu 228, Rais John Magufuli alitangaza maombolezo ya kitaifa na kuivunja bodi ya TEMESA, wakala uliosimamia kivuko hicho. Kipimo kipo tayari. Kilichobaki ni kukitumia kwa mtu asiye raia wala mpiga kura.

Huko Ulaya mahakama zimeanza kukitumia. Februari 2012, katika kesi ya Hirsi Jamaa na wenzake dhidi ya Italia, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Wasomali na Waeritrea 24, waliopakiwa kwenye meli za Italia mwaka 2009 na kurudishwa Libya, walikuwa chini ya mamlaka ya Italia hata katika bahari kuu, na kwamba haki zao zilivunjwa. Oktoba 2013 watu zaidi ya 360 walipozama karibu na kisiwa cha Lampedusa, Italia ilianzisha operesheni ya uokoaji ya Mare Nostrum, ambayo kwa mwaka mmoja iliwatoa majini watu zaidi ya 100,000 kabla ya kusitishwa. Kwa hiyo, idadi ya wanaokufa haiamuliwi na mawimbi peke yake. Huamuliwa pia mezani.

Ziwa Nyasa lina upungufu wake wa kisheria. Ibara ya 98 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 huzitaka nchi zimlazimishe nahodha kumsaidia aliye hatarini, lakini mkataba huo ni wa bahari, hivyo ziwani wajibu huo husimama au huanguka kwa sheria za nchi zenyewe. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 dhidi ya usafirishaji haramu wa wahamiaji, ambayo Tanzania na Malawi zimejiunga nayo, inasema mhamiaji asishtakiwe kwa sababu tu ya kusafirishwa, na inazitaka nchi zilinde uhai wake.

Wakati huohuo, sheria ya uhamiaji ya Tanzania humfanya mtuhumiwa yeyote anayemsafirisha au kumhifadhi mtu aliyeingia nchini bila kibali. Mvuvi wa Matema anayekuta watu wameshikilia boti iliyopinduka analazimika kufikiri mambo mawili kwa pamoja: kama boti yake itawabeba, na kama atakapofika ufukweni na Wahabeshi kumi waliolowa ataaminiwa kwamba amewaokoa na si kwamba amewapakia. Kifungu cha kumkinga mvuvi huyo hakihitaji kusubiri usuluhishi wa mpaka. Kinaweza kuandikwa Dodoma na Lilongwe kwa maneno yaleyale, pamoja na daftari moja la maiti linalosomwa Kyela na Karonga, ambako Wanyakyusa na Wangonde huelewana kwa lugha bila mkalimani, ili mama aliyeko Hosaena, huko Hadiya, akiulizia mwanawe apate jibu.