Askari na Grafu ya Nguzo: Tusisome Kilele Tukasahau Msingi

Tangu siku za kwanza za ukuruti, askari hufundishwa kusoma ramani. Huambiwa kwamba mistari ya miinuko ikikaribiana kilima ni kikali, ikiachana kilima ni cha mteremko mwema. Asiyeijua ramani huwapoteza wenzake porini. Lakini iko ramani ya namna nyingine, isiyoonyesha mito wala vilima, bali huonyesha hesabu: nayo ni grafu. Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya aina moja ya grafu ambayo huwaangusha watahiniwa wengi, yaani grafu ya nguzo zenye matabaka.

Tunasema hivi kwa kuwa sisi wenyewe tuliwahi kuangushwa nayo. Tulipokuwa katika chuo cha makadeti, tuliwekewa grafu ya namna hiyo katika mtihani. Tuliitazama kwa haraka, tukaandika namba iliyokuwa kwenye kilele cha tabaka la katikati, tukatoka chumbani tukijipongeza. Karatasi iliporudi, maswali yote manne ya grafu hiyo yalikuwa na alama ya mkasi. Kosa lilikuwa moja tu, ila tulilirudia mara nne.

Grafu ya nguzo si jambo geni. Mskoti William Playfair aliitoa katika kitabu chake cha mwaka 1786, akionyesha biashara ya Scotland na nchi nyingine. Siku hizi hupatikana katika taarifa za ofisi, na pia katika mitihani sanifu, yaani ile ambayo watahiniwa wote hupimwa kwa kipimo kimoja. Mmojawapo ni GRE, unaotungwa na shirika la ETS la Marekani, ambao baadhi ya vyuo vikuu huutaka kwa anayeomba shahada ya juu. Tangu Septemba mwaka 2023 sehemu yake ya hesabu ina maswali 27 kwa dakika 47. Hiyo ni chini ya dakika mbili kwa swali moja, na maswali kadhaa huweza kutegemea grafu moja. Kwa hiyo anayeisoma grafu vibaya hapotezi swali moja, hupoteza kundi zima.

Basi na tuchukue mfano wa kweli, tena wa kijeshi. Katika vita vya Krimea, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1853 na 1856, jeshi la Uingereza lilipoteza askari wengi. Bibi Florence Nightingale, muuguzi aliyefika katika hospitali ya Scutari mwezi Novemba 1854, baadaye alikusanya hesabu za vifo hivyo mwezi kwa mwezi na kuzitoa mwaka 1858. Alivigawa vifo katika mafungu matatu: maradhi ambayo yangeweza kuzuilika au kupunguzwa, majeraha, na sababu nyinginezo. Mchoro wake uliopata sifa ulikuwa wa duara, lakini hesabu zake zafaa sana kuchorwa kwa nguzo.

Novemba 1854: maradhi 844, majeraha 287, mengineyo 106. Jumla 1,237.

Januari 1855: maradhi 2,761, majeraha 83, mengineyo 324. Jumla 3,168.

Septemba 1855: maradhi 189, majeraha 276, mengineyo 20. Jumla 485.

Tuchore nguzo tatu, moja kwa kila mwezi. Katika kila nguzo tuweke maradhi chini, majeraha katikati, na mengineyo juu. Kando kuna mstari wa wima wenye namba kuanzia sifuri, na pembeni kuna ufunguo unaoeleza rangi ya kila tabaka. Sasa mtahini auliza: Je, katika Januari 1855 askari wangapi walikufa kwa majeraha?

Mtahiniwa mwenye pupa hupandisha jicho hadi mwisho wa tabaka la katikati, akavuka hadi kwenye mstari wa namba, akasoma 2,844. Hilo ndilo kosa letu la chuoni. Tabaka la katikati halikuanzia sifuri, limebebwa na tabaka la chini yake. Lilianza penye 2,761 na kuishia penye 2,844. Hatuna budi kutoa: 2,844 ukiondoa 2,761 ni 83. Kanuni ni hii: tabaka la chini peke yake ndilo husomwa moja kwa moja, yaliyo juu yake husomwa kwa kutoa msingi kutoka kileleni.

Ndugu askari, tafakarini tofauti ya namba hizo mbili. Ofisa aliyesoma 2,844 angeamini kwamba risasi na mizinga ndiyo iliyowamaliza watu wake, akaagiza bendeji na madaktari wa kupasua. Aliyesoma 83 angetambua kwamba adui mkubwa alikuwa uchafu, maji mabaya na kipindupindu, akaagiza mitaro isafishwe. Grafu ni ileile na nguzo ni ileile, lakini amri mbili zimetofautiana, na kati yake yapo maisha ya watu.

Swali la pili hupenda kuuliza ongezeko kwa asilimia. Kutoka Novemba 1854 hadi Januari 1855, jumla ya vifo iliongezeka kwa asilimia ngapi? Wako watakaogawa 3,168 kwa 1,237, wakapata kama 2.56, wakaandika asilimia 256. La hasha. Hiyo yaeleza kwamba Januari ilikuwa asilimia 256 ya Novemba. Ongezeko lenyewe ni 1,931, na tukiligawa kwa 1,237 twapata takriban asilimia 156. Tukumbuke daima kwamba kigawanyo ni hesabu ya mwanzo, na kwamba kinachogawanywa ni tofauti, wala si hesabu ya mwisho.

Swali la tatu ndilo mtego mkuu. Mtahini huweza kuzichora nguzo zote ziwe na urefu mmoja, kila moja ikiwa asilimia 100, na matabaka yakionyesha fungu tu. Katika mchoro huo tabaka la majeraha la Novemba 1854 lachukua asilimia 23, na la Septemba 1855 lachukua asilimia 57. Mtazamaji atapaza sauti: "Majeraha yamezidi zaidi ya maradufu!" Turudi kwenye hesabu. Novemba walikufa kwa majeraha askari 287, Septemba walikufa 276. Idadi imepungua. Fungu ndilo lililokua, kwa sababu vifo vya maradhi vilishuka kutoka 844 hadi 189, na jumla yote ikawa ndogo. Kwa hiyo grafu ya asilimia ikisimama peke yake, bila jumla, haiwezi kutuambia idadi. Mtahini akiuliza idadi wakati ametoa mafungu tu, jibu la haki ni kwamba haliwezi kujulikana kutokana na grafu hiyo.

Tena hata idadi haitoshi pale swali linapohusu hatari iliyompata kila askari. Kwa hesabu za Bibi Nightingale, jeshi lilikuwa na watu 29,736 mnamo Novemba 1854 na watu 47,751 mnamo Septemba 1855. Hivyo waliokufa kwa majeraha walikuwa takriban 10 katika kila 1,000 mwezi ule wa kwanza, na takriban 6 katika kila 1,000 mwezi wa pili. Nguzo zetu tatu hazikuwa na habari hiyo. Msomaji mwema hujua grafu inasema nini, na hujua pia inanyamazia nini.

Basi mbele ya karatasi ya mtihani, yatupasa kufuata utaratibu kama tukaguavyo silaha. Kwanza tusome kichwa cha grafu na vipimo vyake: je, ni watu, ni maelfu ya watu, au ni asilimia? Pili tusome ufunguo, tujue kila rangi ni ya nani. Tatu tutazame kama mstari wa namba unaanzia sifuri. Nne, tulisome swali na kupiga mstari chini ya neno lake kuu: idadi, fungu, ongezeko, au uwiano. Ndipo tuguse hesabu. Katika GRE grafu huchorwa kwa kipimo sahihi, kwa hiyo makadirio ya jicho yaweza kutosha pale majibu yanapoachana mbali. Tena jibu baya halipunguzi alama, basi asiwepo anayeacha swali wazi.

Mwisho, twawaachia zoezi la kambini. Februari 1855 walikufa kwa maradhi askari 2,120, kwa majeraha 42, na kwa mengineyo 361. Chukueni rula na penseli, mchore nguzo hiyo kwa mpangilio uleule. Kisha mwulizeni mwenzenu: tabaka la majeraha laanzia wapi, laishia wapi, na ni fungu gani la jumla? Akijibu kwamba laanzia 2,120, laishia 2,162, na ni chini ya 2 katika kila 100, mpeni heko, maana yuko tayari kwa mtihani. Akijibu 2,162, msimcheke. Mwambieni kwamba nasi tulianzia hapohapo, kisha mwekeeni kidole penye msingi wa tabaka na mwanze upya.