Kuongeza na Kuongezeka: Mizani ya Kidole na Muda katika Michezo ya Ongezeko

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa michezo ya kompyuta na simu iko jamii moja isiyo na adui wa kupigwa wala mbio za kushindaniwa. Mchezaji hubonyeza picha, tarakimu ikapanda. Tarakimu ikifika kiasi fulani, hununua chombo kinachoipandisha bila yeye kubonyeza. Kisha huondoka, na akirudi huikuta imepanda zaidi. Katika makala haya tutaiita michezo ya ongezeko. Swali kuu la waundaji wake ni hili: kazi ya kidole iwe na uzito gani mbele ya kazi ya muda? Makala yanakusudia kulieleza swali hilo kwa msaada wa sarufi, kwa kuwa Kiswahili kina kauli za vitenzi zinazolipambanua vizuri. Aidha, yataonyesha kwamba jibu lake linagusa pia usingizi na masomo ya kijana anayeishi Oicha.

2.0 Kauli tatu za kitenzi kimoja

Tuangalie sentensi tatu:

(a) Mchezaji ameongeza biskuti.
(b) Biskuti zimeongezwa na mchezaji.
(c) Biskuti zimeongezeka.

Katika (a) mtenda yuko mbele. Katika (b), yaani kauli ya kutendwa, amesogezwa nyuma lakini anaweza kutajwa kwa kiunganishi "na". Katika (c), yaani kauli ya kutendeka, hana nafasi kabisa: mzawa wa lugha hakubali "*biskuti zimeongezeka na mchezaji". Kauli hii huliwasilisha tukio kana kwamba limejitokea lenyewe, kama magugu yanavyojiotea shambani.

Michezo ya ongezeko humhamisha mchezaji kutoka (a) kwenda (c). Kitendo cha mkono nacho kina umbo lake: kwa uradidi wa shina tunapata "kubonyezabonyeza", neno linalobeba wingi wa kitendo na pia uchovu wake. Katika mazungumzo ya kwetu Kivu ya Kaskazini husikika pia "kufinya", ambalo linausogeza mkono karibu zaidi na kitu.

Yapo mifano ya kila upande wa mizani. Katika Progress Quest, uliotolewa na Eric Fredricksen mwaka 2002, mchezaji huunda mhusika kisha hutazama tu. Kila kitu huongezeka. Katika Cow Clicker wa mwaka 2010, Ian Bogost alikejeli michezo ya mitandao ya kijamii kwa kumpa mchezaji ng'ombe wa kubonyezwa mara moja kila baada ya saa sita. Mmoja hauna mkono kabisa, na wa pili una mkono usio na maana. Waundaji wengi hutafuta mahali katikati.

3.0 Hesabu ya kidole

Mfano bora ni Cookie Clicker, uliobuniwa na Mfaransa Julien Thiennot mwaka 2013. Bonyezo moja huleta biskuti 1. Bibi mwokaji wa kwanza hugharimu biskuti 100 na huoka biskuti 1 kwa sekunde. Kila bibi anayefuata bei yake hupanda kwa asilimia 15.

Tuchukue mchezaji anayebonyeza mara 5 kwa sekunde na kununua mabibi pekee. Bibi wa kwanza atapatikana baada ya sekunde 20. Wa pili hugharimu 115, lakini mapato sasa ni 6 kwa sekunde, hivyo atapatikana baada ya sekunde 19 hivi. Hali ni hiyohiyo kwa wa tatu, wa nne na wa tano. Baada ya takriban sekunde 97, mabibi watano huoka kiasi kilekile anacholeta kidole. Hapo ndipo (a) na (c) zinapolingana.

Baada ya hapo mizani huinama. Bibi wa 20 hugharimu zaidi ya biskuti 1,400 na humsubirisha mchezaji karibu dakika nzima. Hana budi kutafuta chombo kikubwa zaidi, na kila chombo kipya hupunguza uzito wa mkono. Mabonyezo 5 mbele ya biskuti 1,000 kwa sekunde ni sawa na nusu ya asilimia moja. Kidole kimekuwa pambo.

Mchezo huo hutumia dawa mbili. Kwanza, huuza maboresho yanayolipa bonyezo asilimia 1 ya uzalishaji wa sekunde moja. Penye uzalishaji wa 1,000, bonyezo lililokuwa 1 huwa 11. Mkono hukua pamoja na muda badala ya kuachwa nyuma. Pili, mara kwa mara hutokea biskuti ya dhahabu. Anayeiwahi aweza kupata uzalishaji mara 7 kwa sekunde 77. Dawa hii ya pili hulipa uangalifu wa jicho zaidi ya wingi wa mabonyezo.

4.0 Mtenda aliyefichwa

Mchezaji wa AdVenture Capitalist (2014) huanza kwa kubonyeza kibanda cha maji ya ndimu kila mara, hadi aajiri msimamizi anayekiendesha. Baadaye huzima simu, na akiiwasha huambiwa amepata fedha nyingi. Je, ziliongezeka?

Kwa kawaida michezo ya aina hii haifanyi kazi yoyote simu ikiwa imezimwa. Programu huhifadhi saa ya kuondoka. Mchezaji akirudi, huitoa katika saa ya sasa, ikazidisha tofauti hiyo kwa mapato ya sekunde moja. Ndiyo maana baadhi ya michezo hudanganyika mtu akisogeza mbele saa ya simu yake. Kwa hiyo kauli sahihi ni (b): fedha zimeongezwa, na aliyeziongeza ni programu, kwa kanuni na kikomo alivyovipanga muundaji.

5.0 Kikomo ni cha nani?

Hamster Kombat ulienea ndani ya Telegram kuanzia Machi 2024, ukiahidi sarafu ya kidijitali iliyotolewa Septemba mwaka huo. Mabonyezo yaliwekewa kikomo cha nishati, na mapato ya kila saa yalijilimbikiza kwa saa tatu tu, kisha yakasimama mpaka mchezaji aufungue tena. Asiyetaka kupoteza lolote ilimlazimu kuufungua mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Muda ulimfanyia mchezaji kazi, lakini ulimwita pia.

Oicha, makao makuu ya wilaya ya Beni, mfano wa kikomo cha namna hii unajulikana. Mkakao huchukua miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa, na katika miaka hiyo mkulima hula kwa kibarua cha mikono yake. Ukianza kuzaa, matunda huiva bila yeye kuyahimiza, lakini yasipochumwa kwa wakati huoza. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi Oktoba 2014, wakulima wengi wameshindwa kuyafikia mashamba yao. Matunda yaliongezeka, mkono haukuwepo. Kikomo cha mkakao kimewekwa na maumbile. Kikomo cha saa tatu kiliwekwa na mtu, na angeweza kuweka saa kumi na mbili. Kijana anayelipia kuchaji simu na kununua vifurushi vya intaneti kidogokidogo ana haki ya kuijua tofauti hiyo kabla ya kutoa usingizi wake.

6.0 Hitimisho

Mizani njema haipimwi kwa kugawa nusu kwa nusu. Mkono utangulie, ili mchezaji ajue thamani ya anachokiacha; muda ufuate, lakini bonyezo lipewe sehemu ya kile kinachokua; na kutokuwepo kwa mchezaji kulipwe kwa kikomo kinachomruhusu kulala na kusoma. Zaidi ya hayo, kila panaposemwa "zimeongezeka", mchezaji aweze kuuliza "zimeongezwa na nani?" na kulipata jibu katika uamuzi alioufanya mwenyewe: chombo alichonunua, siku aliyokinunua, na sababu yake. Wanafunzi wetu wanaojifunza kuunda programu watafaidika wakiubeba uchambuzi huu wa kauli hadi kwenye meza zao za kazi.